Mali ya Chini ya Barafu ni ya Nani?

Mwaka 1980 Bunge la jimbo la Alaska, kaskazini kabisa mwa Marekani, lilipitisha sheria ya kuwagawia wakazi fedha zitokanazo na mafuta, na sheria hiyo ikapima haki ya kila mtu kwa miaka aliyoishi pale. Kila mwaka wa ukazi tangu 1959, Alaska ilipopata hadhi ya jimbo kamili, ulihesabiwa dola 50. Aliyekuwepo tangu wakati huo angepokea dola 1,050. Aliyehamia juzi angeondoka na 50. Mume na mke waliohamia mwaka 1978 walikwenda mahakamani kupinga, na mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawapa ushindi kwa hoja kwamba serikali haiwezi kuwapanga raia madaraja kwa kuangalia tarehe waliyofika. Mpango wa usawa ukashika nafasi, na mwaka huohuo kila mkazi, mtoto kwa mzee, akapata hundi ya dola 1,000.

Kesi ile iliisha zamani, lakini swali lililokuwa ndani yake bado lipo, wala si la Alaska peke yake. Mtu anapata wapi haki juu ya mali ambayo hakuitengeneza, iliyolala chini ya ardhi mamilioni ya miaka kabla binadamu wa kwanza hajakanyaga juu yake? Wabunge walijibu kwamba haki inatokana na kukaa sana. Majaji walijibu kwamba inatosha kuwepo. Na wabunge walianza kuhesabu mwaka 1959, katika nchi ambayo watu wamevua na kuwinda kwa maelfu ya miaka. Kwa kipimo cha sheria ile, bibi wa jamii ya Iñupiat ambaye ukoo wake haukumbuki pwani nyingine isipokuwa ile ya Bahari ya Aktiki alikuwa sawasawa na askari aliyeshuka kwenye ndege mwaka 1959. Ninavyoona, majibu yote mawili yana kasoro moja: yanaichukulia mali hii kama fungu linalongoja mwenyewe ajitokeze. Hoja yangu ni kwamba mali ya aina hii haina mwenyewe miongoni mwa watu. Ina watunzaji tu, na haki ya kuitumia huenda pamoja na wajibu wa kujibu kwa waliotangulia na kwa watakaofuata. Pasipo wajibu huo, haki nayo haina mahali pa kusimama.

Tuitazame nchi yenyewe kwanza. Alaska ina kilomita za mraba zipatazo milioni 1.7, karibu mara mbili ya Tanzania, lakini sensa ya 2020 iliwakuta watu 733,391 tu. Zanzibar peke yake ina zaidi ya mara mbili ya hao. Wanne katika kila kumi wanaishi Anchorage, na waliobaki wametawanyika katika miji midogo na vijiji ambavyo vingi havina barabara ya kuvifikia. Unga, vipuri na dizeli ya kuwashia jenereta hufika kwa ndege ndogo, au kwa tishari wakati wa kiangazi barafu inapoachia mito. Bei za dukani zinatisha, ndiyo maana samaki, sili na nyama ya kulungu wanaohamahama si kitoweo cha sikukuu kule. Ndicho chakula chenyewe. Kisha, mwaka 1968, ikagunduliwa Prudhoe Bay kwenye pwani ya kaskazini, eneo kubwa la mafuta kuliko yote ya Amerika Kaskazini. Mwezi Septemba 1969 jimbo liliuza vibali vya kuchimba kwa takriban dola milioni 900 kwa siku moja, kiasi kilichozidi bajeti yake ya mwaka kwa mara kadhaa. Bomba la kilomita karibu 1,300 likajengwa kutoka Prudhoe Bay hadi bandari ya Valdez, na mwaka 1977 mafuta yakaanza kutiririka.

Anayeitazama nchi kama hiyo kwenye ramani huona mahali patupu, na wazo hilo la utupu lina historia yake. Urusi ilipoiuza Alaska kwa Marekani mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2, hakuna mwenyeji aliyeulizwa. Mkataba wenyewe uliwataja kama makabila yasiyostaarabika, ukayaweka chini ya sheria ambazo Marekani ingeamua kuzitunga. Aliyeupa mtazamo huo nguvu za kifalsafa ni Mwingereza John Locke, karibu karne mbili kabla. Kwa Locke, dunia mwanzoni ilikuwa ya wote, na mtu hujipatia sehemu yake kwa kuchanganya kazi ya mikono yake na ardhi. Anayelima amemiliki. Anayepita akiwinda amemiliki mnyama aliyemuua, lakini ardhi aliyopita juu yake imebaki pori lisilo na mwenyewe. Hoja hii ina mvuto mpaka leo, na haifai kuipuuza. Kampuni za mafuta na wafanyakazi wao wanaweza kusema kwa haki: mafuta yale yalikuwa bure kabisa mpaka tulipoyatoboa. Bomba liligharimu takriban dola bilioni 8, likajengwa na makumi ya maelfu ya watu katika baridi inayoweza kuua, na sehemu kubwa yake ikainuliwa juu ya nguzo ili joto la mafuta lisiyeyushe udongo ulioganda. Bila jasho hilo, kusingekuwa na cha kugawana.

Kweli tupu, lakini tuifuate hoja ya jasho mpaka inapoishia. Jasho hulipa kilichotokana na jasho. Mwalimu Nyerere alilisema jambo hili mapema, mwaka 1958, katika andiko lake la Mali ya Taifa: ardhi ni zawadi ya Mungu kwa binadamu wote, na kazi ya mtu humpa haki juu ya kile alichokiongeza kwa kazi hiyo, si juu ya ardhi ambayo hakuiumba. Alikuwa akizungumzia mashamba na hati za kumiliki milele, lakini hoja hiyo inaingia kwenye visima vya mafuta vizuri zaidi kuliko mashambani. Mkulima huweza kurutubisha udongo, akauacha bora kuliko alivyoukuta. Mchimbaji hawezi kuongeza hata pipa moja. Kila pipa analotoa, limetoka. Basi mjenzi wa bomba na alipwe, aliyehatarisha mtaji wake apate faida inayolingana na hatari, na kinachobaki baada ya hapo, yaani thamani ya mafuta yenyewe, hakuna jasho lililoizaa. Locke naye aliweka sharti kwamba anayechukua awaachie wengine cha kutosha na kizuri vilevile. Sharti hilo halitimiziki kwa mali inayokwisha. Mtu anayetoa pipa la mwisho hajamwachia yeyote la kutosha.

Jasho likishindwa, watu hukimbilia muda. Sisi tulikuwa hapa kwanza. Nina heshima kubwa kwa hoja hii inapotoka kwa waliokuwepo kweli, kwa sababu mara nyingi ndiyo ngao pekee ya wanyonge mbele ya wenye ramani na mihuri. Lakini tazama ilivyotendwa Alaska. Wenyeji walidai ardhi yao, na kwa kuwa bomba lisingeweza kujengwa juu ya ardhi yenye mgogoro, Bunge la Marekani liliharakisha suluhu mwezi Desemba 1971. Wenyeji walipewa ekari milioni 44, ambazo ni takriban kilomita za mraba 178,000, na dola milioni 962.5, na kwa malipo hayo madai yao yote ya asili juu ya sehemu iliyobaki yakafutwa, pamoja na haki zao za jadi za kuwinda na kuvua. Ardhi haikurudishwa kwa koo wala vijiji kama vilivyoishi. Iliwekwa mikononi mwa makampuni ya kibiashara, 12 ya kimaeneo na zaidi ya 200 ya vijiji, na kila mwenyeji aliyekuwa hai akawa mwanahisa. Sheria ikataja tarehe: aliyezaliwa kabla au siku ya 18 Desemba 1971 ana hisa, aliyezaliwa tarehe 19 hana, mpaka arithi.

Sijui kama kuna sheria nyingine iliyoliweka wazi hivyo tatizo la haki inayotegemea muda. Ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, mmoja ni mwenye nchi na mwingine ni mgeni kwenye nchi ya dada yake. Kilichokuwa cha ukoo, ambao haufi, kikawa cha kizazi kimoja, ambacho lazima kife. Na kosa hilo ni lilelile la sheria ya dola 50 kwa mwaka: moja liliwapunja waliochelewa kufika, jingine liliwapunja waliochelewa kuzaliwa. Kuchelewa hakukuwa kosa la yeyote kati yao. Lipo pia upande wa pili: kama kuwahi ndiko kunakozaa haki, basi aliyewahi anaweza kuuza vyote na kuondoka, na hana wa kumjibu. Wenye nia njema wanaopigania haki ya waliotangulia kwa kawaida hawakubali hitimisho hilo. Wanajua moyoni kwamba babu hakuishika ardhi ili aimalize.

Ndani ya dini zetu swali hili limewahi kuulizwa kwa uwazi mkubwa. Waislamu walipoiteka Iraki, wapiganaji walimwendea Khalifa Umar bin Khattab wakidai ardhi ya Sawad, ile tambarare yenye rutuba kati ya mito miwili, igawanywe miongoni mwao kama ngawira nyingine. Hoja yao ilikuwa nzito: panga zao ndizo zilizoipata, na desturi ilikuwa upande wao. Umar alikataa. Akauliza, kama alivyosimulia Abu Yusuf katika kitabu chake cha kodi ya ardhi, watakaokuja baadaye watakuta nini ikiwa ardhi imekwisha kugawiwa na kurithiwa? Mjadala uliendelea kwa siku kadhaa, na masahaba wakubwa walikuwa pande zote mbili. Hatimaye alisimama juu ya aya za Sura ya Hashri, zinazotaja wanaostahiki fungu moja baada ya jingine, Muhajirina waliohamia Madina, kisha Ansari waliowapokea, kisha wale wanaokuja baada yao. Akaona kwamba Mwenyezi Mungu amewaingiza wasiokuwepo bado katika orodha ya wenye haki. Ardhi ikabaki mikononi mwa wakulima wake, ikatozwa kodi, na kodi ikawa ya wote, kizazi hadi kizazi.

Atasema mtu kwamba ule ulikuwa ushindi wa vita, na waliokuwa na ardhi kabla hawakuulizwa, kama wenyeji wa Alaska walivyokosa kuulizwa. Pingamizi hilo ni la haki, nami sikuuleta mfano huu kuisifu dola. Nimeuleta kwa sababu ya kile alichokiona Umar: kwamba aliyepo anaweza kuwa na kila hoja ya kisheria, ya jasho na ya kuwahi, na bado akawa hana ruhusa ya kumaliza. Mafunzo ya Mtume mwenyewe yanaelekea hukohuko. Abyadh bin Hammal alipomwomba chumvi ya Ma'rib, Mtume alimpa. Alipoambiwa kwamba amempa mtu mmoja kitu kilicho kama maji yasiyokauka, ambacho kila mtu hujichotea, akakirudisha kwa umma. Wanazuoni walijenga juu ya tukio hilo kanuni kwamba madini yaliyo dhahiri hayawi ya mtu binafsi, ingawa waliyajadili kwa tofauti yale yaliyofichika. Na katika Torati, Kitabu cha Walawi kinamwambia Mwisraeli kwamba ardhi haiuzwi moja kwa moja, kwa kuwa ni ya Mungu, na watu ni wageni na wapangaji kwake. Kisha kinaagiza kwamba kila mwaka wa hamsini ardhi irudi kwa koo zake, ili ubadhirifu au bahati mbaya ya mtu mmoja isiwafunge wajukuu wake.

Ukiangalia kwa jicho hilo, Alaska ilifanya jambo moja kubwa la kusifiwa. Zile dola milioni 900 za 1969 zilitumika zikaisha ndani ya miaka michache, na wananchi wengi wakaona kwamba wamefuja. Kwa hiyo mwaka 1976 walipiga kura kubadili katiba ya jimbo: angalau robo ya mrabaha wa madini iingie katika Mfuko wa Kudumu, na mtaji wa mfuko huo usiguswe, kinachotumika ni faida yake tu. Leo mfuko una zaidi ya dola bilioni 70. Kilele cha uzalishaji kilikuwa mwaka 1988, karibu mapipa milioni 2 kwa siku, na sasa hayafiki hata robo ya hapo. Visima vinazeeka, mfuko unakua. Katika dunia ambako nchi nyingi zimechimba mafuta nusu karne na hazina hata akiba ya mwaka mmoja, watu laki nne hivi walijifunga mikono wenyewe kwa ajili ya watu wasiowajua. Hilo Umar angelitambua.

Kisha kukaja gawio, ile hundi inayotokana na mfuko. Gavana Jay Hammond, aliyelipigania, alikuwa na sababu ya busara: alitaka kila raia awe na maslahi ya moja kwa moja katika mfuko, ili wanasiasa wakijaribu kuuvamia, wananchi wasimame kuulinda. Na wapo wanaosema kwamba hakuna njia bora ya kugawa mali ya wote kuliko kumwekea kila mtu sehemu yake mkononi, kwa kuwa serikali hula. Nadhani wanaotoka nchi zilizoona mapato ya madini yakiyeyukia ofisini watakubali haraka. Ushahidi unawaunga mkono kiasi kikubwa. Fedha hizi zimewasaidia mno maskini wa vijijini, na wachumi Damon Jones na Ioana Marinescu walipochunguza kama gawio limewafanya watu waache kazi, hawakukuta kwamba ajira kwa jumla imepungua. Siungi mkono kabisa wale wanaodhani maskini akipewa fedha huharibika.

Tatizo langu na gawio liko kwingine. Limemfundisha mtu kwamba uhusiano wake na mali ya nchi ni kupokea tu. Ili ustahiki unatakiwa uwe umeishi Alaska mwaka mzima na uwe na nia ya kubaki, basi. Hakuna lolote unalodaiwa. Mwaka 1980, mafuta yalipokuwa yakimiminika, jimbo lilifuta kodi ya mapato ya mtu binafsi, na kwa hiyo raia akaacha kuchangia upande mmoja huku akipokea upande wa pili. Bei ya mafuta ilipoanguka, ikaonekana ni nini kimejengeka. Mwaka 2016 Gavana Bill Walker alilipunguza gawio kwa nusu hivi, likawa dola 1,022, na hasira ilikuwa kubwa. Mwaka 2019 Gavana Mike Dunleavy, aliyeingia kwa ahadi ya gawio nono, alikata dola milioni 130 katika fedha za chuo kikuu cha jimbo. Baadaye makali ya kukata huko yakapunguzwa baada ya watu kupiga kelele. Mwaka 2022, bei ikiwa juu, gawio likafika dola 3,284. Kila mwaka Bunge hujadili jambo hilohilo: hundi au shule, hundi au feri zinazohudumia vijiji vya pwani. Ulinzi aliouota Hammond umepatikana, lakini kinachotetewa kwa ukali ni hundi ya mwaka huu. Anayedai ya mwaka huu hana budi kushindana na mtoto wa miaka kumi ijayo, na mtoto huyo hana kura.

Linganisha na matunda ya fedha hizohizo zilipotumika kwa pamoja. Hadi miaka ya 1970, kijana wa kijijini aliyemaliza shule ya msingi alipelekwa bweni mbali na kwao, wengine nje ya Alaska kabisa, kwa kuwa kijijini hakukuwa na sekondari. Wanafunzi wa vijijini walilishtaki jimbo, suluhu ikafikiwa mwaka 1976, na kwa kuwa fedha za mafuta zilikuwepo, sekondari zikajengwa katika vijiji zaidi ya 100, vingine vyenye wanafunzi wasiojaza chumba kimoja. Hundi ya dola 1,000 kwa kila nyumba isingejenga hata moja. Zawadi ya kumlea mtoto wako nyumbani mpaka awe mtu mzima haigawiki kwa vichwa.

Kule kaskazini kunakotoka mafuta, upo utaratibu wa kugawana ulio mkongwe kuliko haya yote, na nauona una kile kinachokosekana katika gawio. Kabla ya msimu wa nyangumi wa majira ya kuchipua, familia ya nahodha husafisha pango lake la barafu, shimo lililochimbwa katika udongo ulioganda mwaka mzima ambamo nyama huhifadhiwa. Hulisafisha kwa sababu Wainupiat wanaamini nyangumi hujitoa mwenyewe kwa watu wakarimu, na hatakuja kwa nyumba isiyo na mahali safi pa kumpokea. Akipatikana, kijiji kizima huvuta kamba kumpandisha juu ya barafu. Kisha anakatwa kwa kanuni zinazojulikana: kila chombo kilichoshiriki kina fungu lake, waliovuta wana lao, na fungu kubwa la nahodha si la nahodha. Yeye na mkewe wanalitunza ili walitoe, kwenye sherehe ya Nalukataq mwezi Juni, kisha siku ya Shukrani na Krismasi, ambapo nyama na ngozi yenye mafuta hugawiwa kanisani kwa wajane, wazee na kila aliyefika. Wadhifa wa nahodha unamgharimu. Mali imepita mikononi mwake, na heshima yake inapimwa kwa kiasi alichotoa.

Mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilipiga marufuku uwindaji huo, kwa kuwa wanasayansi walikadiria kwamba nyangumi waliobaki hawakufika elfu mbili. Wawindaji walipinga. Walisema nyangumi wengi hupita chini ya barafu na mbali na ukingo, ambako mtu anayehesabu kwa macho hawaoni. Hawakuishia kulalamika. Waliunda tume yao mwaka huohuo, wakakubali kuwekewa kiwango cha idadi ya kuua, wakashirikiana na watafiti waliotega vinasa sauti chini ya maji, na hesabu za miaka iliyofuata zikathibitisha walichosema. Leo nyangumi hao wanakadiriwa kuzidi 10,000. Kwangu mimi hiki ndicho kisa kinachoonyesha haki inatoka wapi. Dai la Wainupiat juu ya nyangumi halikushinda kwa sababu walikuwa wa kwanza, ingawa walikuwa. Lilishinda kwa sababu walimjua kwa kumtunza, na walikuwa tayari kujifunga kiwango ili abaki.

Nisieleweke kwamba ninawachora wenyeji kama malaika. Serikali yao ya mtaa, iliyoundwa mwaka 1972, hupata sehemu kubwa mno ya mapato yake kwa kutoza kodi mitambo ya mafuta; zahanati, shule na maji ya bomba vimetoka humo, na viongozi wao wengi waliunga mkono mradi wa mafuta wa Willow ulioidhinishwa mwaka 2023. Kijiji cha Nuiqsut, kilicho karibu zaidi na mradi, baadhi ya viongozi wake waliupinga. Hakuna upande ninaouona mnafiki. Ni watu wanaobeba swali lote kwa wakati mmoja: zahanati ya leo inalipwa na mafuta ambayo, yakichomwa duniani kote, yanaipasha joto Aktiki mpaka mapango ya barafu yanavuja maji na nyama inaharibika. Na hapa hata Mfuko wa Kudumu unafika ukomo wake. Mtaji unaweza kugeuzwa hisa za makampuni ya New York na ukadumu. Udongo ulioganda ukiyeyuka hauna hisa ya kuubadilisha. Kuwatunzia wajao fedha huku tukiwaondolea ardhi ya kusimamia ni kutimiza nusu ya amana, tena nusu iliyo rahisi.

Wapo wanafalsafa watakaoniuliza: utawezaje kuwa na wajibu kwa mtu ambaye hayupo? Asiyezaliwa hana madai, hana jina, na pengine maamuzi yetu yenyewe ndiyo yatakayoamua kama atazaliwa yeye au mwingine. Ni swali gumu kwa anayeanza na haki za mtu mmojammoja. Anayeanza na amana halimsumbui sana, kwa kuwa mtunzaji hajibu kwa mpokeaji peke yake. Anajibu kwanza kwa Aliyemkabidhi. Sura ya Hadidi inawaagiza watu watoe katika vile ambavyo Mwenyezi Mungu amewafanya warithi wake wa muda. Na asiyeamini Mungu bado amepokea kutoka kwa mtu. Lugha aliyoikuta, kisima alichokikuta, nyangumi ambao babu wa mwingine hakuwamaliza, vyote vilifika kwake kupitia mikono ya watu ambao hawakumjua wala hawakungoja kuhakikisha kwamba atazaliwa.

Swali hili linatufikia nasi. Sheria ya Petroli ya Kenya ya 2019 inagawa mapato ya serikali kutokana na mafuta, kama yale ya Turkana, asilimia 75 kwa taifa, 20 kwa kaunti, na 5 kwa jamii ya eneo husika. Mabishano mengi yamekuwa juu ya ukubwa wa mafungu: je, wachache wanaoishi juu ya mafuta wapate zaidi, au wengi wa taifa? Nadhani wanaoishi juu yake wana dai zito, kwa kuwa wao ndio watakaobaki na mashimo. Lakini mgao wowote wa mapato kati ya walio hai ni mgao wa kizazi kimoja. Kipimo ambacho ningependa kukiona kikijadiliwa kwa ukali uleule ni kile cha Mfuko wa Kudumu wa 1976: ni kiasi gani hakitaguswa, na nani amekatazwa kukigusa.

Wenyeji wa Alaska waliozaliwa baada ya 18 Desemba 1971 nao hawakuachwa nje na kila mtu. Sheria ya suluhu ilikuwa tayari inayataka makampuni ya wenyeji yagawane asilimia 70 ya mapato ya madini na mbao, ili eneo lenye mafuta lisitajirike peke yake, na marekebisho ya baadaye yakayaruhusu kuwaandikisha watoto, wanahisa wakiridhia. Kuridhia kulikuwa na gharama: kila mtoto anayeandikishwa anapunguza gawio la aliyepo. Mwaka 2007 wanahisa wa Sealaska, kampuni ya Watlingit, Wahaida na Watsimshian wa kusini mashariki, walipiga kura wakakubali kupunguziwa. Hisa walizowapa watoto hao haziuzwi wala hazirithiwi. Mwenye nazo huzishika maisha yake yote, na akifariki zinakoma.